Kabla Hujasema Inapendeza, Kaione Kwenye Kioo cha Kariakoo

Wanachuo wenzangu, jambo ninalotaka kulisema leo wengi wataliona dogo. Halihusu boom kuchelewa, halihusu hosteli, wala halihusu ratiba ya UE. Linahusu rangi za maandishi kwenye skrini, zile tunazoziona tunapoandika programu. Nalisema kwa sababu lilinigharimu alama 6 kati ya 20, na mwaka mmoja baadaye mimi mwenyewe nikamgharimu mtu mwingine kwa kosa lilelile. Hoja yangu ni moja: kazi yoyote tunayoiandika hapa chuoni haijakamilika mpaka tumeijaribu kwenye kioo kichakavu, kwa sababu kioo kichakavu ndicho wengi wetu tunacho.

Nasema “kioo” kama mafundi wa mjini wanavyosema. Ukienda kwa fundi ukamwambia “skrini” atakuelewa, ila bei atakutajia ya kioo.

Alama sita

Ilikuwa testi ya vitendo ya lugha ya C, mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Maabara ile mnaijua: mashine za zamani, vioo vyenye alama za vidole vya waliomaliza kabla yetu, na feni moja inayolalamika tangu asubuhi. Tunaingia kwenye seva ya Linux, tunafungua faili alilotuwekea mwalimu, tunamalizia sehemu zilizoachwa wazi. Kihariri tulichopewa ni Vim. Kwa wenzangu wa sheria na uhasibu: kihariri ni programu ya kuandikia maandishi matupu, bila mapambo ya Word. Wengine darasani huita tunachoandika “kodi”, lakini nitatumia msimbo, mtu asije akadhani naongelea TRA.

Vihariri vya aina hii hupaka maneno rangi ili jicho lipate pa kushika. Namba zina rangi yake, amri zina yake, na komenti, yaani yale maelezo ya binadamu ambayo mashine inayaruka, zina yake.

Kwenye kioo changu mandharinyuma ilikuwa nyeusi na komenti zilikuwa bluu iliyokolea. Bluu ile juu ya weusi ule, kwenye kioo kile kilichochoka, ilikuwa kama mtu aliyevaa kaniki usiku umeme umekatika. Niliona kwamba kuna mistari yenye kitu fulani. Nikajiambia hizo ni komenti tu, hazina kazi. Muda ulikuwa dakika 45. Nikaandika, nikaendesha, ikakubali, nikakabidhi na kutoka nje nikicheka na wenzangu.

Kumbe ndani ya zile komenti kulikuwa na masharti mawili: faili lisipopatikana, programu irudishe -1, na jina la mtumiaji lisizidi herufi 20. Sikutimiza hata moja. Nilipoenda kuulizia matokeo, mwalimu alifungua faili lilelile kwenye kompyuta mpakato yake, na maelezo yalikuwa yanang'aa kama tangazo la kampuni ya simu. Akaniuliza kwa upole, “Sasa wewe haya hukuyaona?” Sikuwa na jibu. Wenzangu wawili waliokaa safu yangu walikosa masharti yaleyale. Aliyekuwa mbele, kwenye kioo kipya, aliyapata yote.

Simlaumu mwalimu. Aliandika maelekezo, akayaona, akaamini na sisi tutayaona. Hiyo ndiyo njia ambayo kosa hili hupitia mara zote. Hakuna mtu mwenye nia mbaya. Kuna mtu mwenye kioo kizuri tu, anayedhani kioo chake ndicho kioo cha kila mtu.

Kwa nini bluu ilipotea

Kwa hasira ya zile alama nilipiga msuli kuliko nilivyopiga kwa testi yenyewe. Nilichokikuta ni hiki.

Dirisha la terminali, hasa unapoingia kwenye seva ya mbali, mara nyingi hufanya kazi na rangi chache za msingi, 8 au 16. Vim inapofunguka inahitaji kujua kama mandharinyuma yako ni nyeupe au nyeusi, ili ichague rangi zinazofaa. Terminali isipoijibu, hubahatisha kwa kuangalia jina la aina ya terminali. Ikibahatisha kwamba uko kwenye nyeupe, inachagua rangi zilizokolea, na komenti zinakuwa bluu nzito. Kama kweli uko kwenye nyeupe, unasoma vizuri tu. Kama uko kwenye nyeusi, yanakukuta yaliyonikuta mimi. Dawa yake ni amri moja: `:set background=dark`. Komenti zinageuka samawati, na faili linakuwa kama limewashiwa taa. Sekunde 5 za kuandika, alama 6. Nilikaa kimya pale maabara kwa muda.

Upo pia ushahidi wa hesabu. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa mwaka 2008 miongozo ambayo ndani yake kuna kipimo cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, hakuna zaidi ya hapo. Rangi juu ya rangi hiyohiyo ni 1 kwa 1, yaani huoni kitu. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1.

Nikachukua ile bluu ya kizamani ya rangi 16, ambayo kiasi chake cha bluu ni 170 kati ya 255, nikapiga hesabu dhidi ya nyeusi. Jibu ni kama 1.6 kwa 1. Samawati ya seti hiyohiyo inapata kama 7.3 kwa 1. Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye jicho. Katika mwanga mweupe wa skrini, sehemu ya kijani hutupa takribani asilimia 72 ya mwangaza tunaouhisi, nyekundu asilimia 21, na bluu asilimia 7 tu. Samawati ina kijani ndani yake, bluu tupu haina. Kwa hiyo bluu tupu juu ya nyeusi ni dhaifu kwa maumbile yake, hata kioo kiwe kimetoka kiwandani leo. Ukitaka kinyume chake, weka njano safi juu ya nyeupe: utapata kama 1.07 kwa 1. Mnaowasilisha slaidi zenye maandishi ya njano kwenye projekta ya ukumbi, sasa mnajua kwa nini watu wa nyuma huwa wanasinzia.

Hesabu hizo ni za kioo kizima. Kioo kilichozeeka kinazipunguza tena. Kwanza, taa ya nyuma ya kioo hufifia kadiri inavyotumika, na kwenye vioo vya zamani vilivyotumia mirija midogo ya mwanga, rangi huelekea unjano. Pili, vioo vingi vya bei ya chini ni vya aina ya TN, ambavyo hubadilika rangi ukibadili pembe ya kutazama. Ukikitazama kutoka juu kila kitu kinapauka. Ukikitazama kutoka chini kinakuwa cheusi. Tatu, vioo vingi vya aina hiyo vina ngazi 64 tu kwa kila rangi badala ya 256. Hiyo ni rangi 262,144, na milioni 16.7 zinazotajwa kwenye tangazo hupatikana kwa ujanja wa kuchanganya pikseli. Vijivu viwili vinavyokaribiana, ambavyo kwa mbunifu wa Ulaya ni vitu viwili, kwako vinakuwa kitu kimoja. Nne, weusi wa vioo hivi si weusi kamili, taa ya nyuma inavuja, na jua la dirishani likigonga juu yake, utofauti uliobaki unazama.

Vioo vyetu vinatoka wapi

Kutoka chuoni kwetu, ukivuka Mnazi Mmoja ukashika Mtaa wa Uhuru, huchukui muda mrefu kabla hujaingia Kariakoo. Ukikata kuelekea Msimbazi na Aggrey unakutana na dunia ya simu na vifaa vya umeme, chaja zimening'inia kama mikungu, vijana wanakuita “dada karibu, mashine za Dubai hizi”. Wengi wetu mashine zetu zimetoka huko, nyingi zikiwa ni mitumba: zilikuwa za ofisi fulani ya Uingereza, Marekani au Ghuba, zikatumika miaka minne au mitano, zikauzwa kwa jumla, zikafika hapa zikiwa na stika ya namba ya mali ya kampuni isiyotujua. Ni mashine nzuri. ThinkPad au Latitude ya zamani inaweza kukuvusha chuo kizima. Ila kioo chake mara nyingi ni kile cha pikseli 1366 kwa 768, cha TN, na taa yake imeshatumikia mtu mwingine saa za kazi za miaka.

Sioni aibu kusema hivyo. Nchi hii na kompyuta vilianza kwa mashaka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku ilikuja kulegezwa, na wengi wetu tukaingia kwenye kompyuta kupitia mlango wa mitumba, kama tulivyoingia kwenye suruali na viatu. Kitu kibaya si mtumba. Kibaya ni kujifanya kwamba mtumba haupo.

Nilipoenda kununua mashine yangu, fundi mmoja mtu mzima alinipa somo ambalo sijalipata darasani. Nilimwamkia, nikamwomba aniangalizie mashine niliyokuwa nimeipenda. Skrini yake ilikuwa imewekewa picha ya twiga na mlima, inapendeza. Akaitoa ile picha. Akaweka nyeupe tupu skrini nzima, halafu nyekundu, kijani, bluu, kisha kijivu. Kwenye nyeupe, kona ya chini ilikuwa na unjano kama chai imemwagika. Kwenye kijivu kulikuwa na mistari. Akaniambia, “Mdogo wangu, ukikipima kioo kwa picha ya mlima, kila kioo ni kizuri. Ugonjwa wa kioo unauona kwenye rangi tupu.” Nikanunua nyingine, ya bei ileile, na hiyo nayo ina mapungufu yake, ila nayajua.

Fundi yule hajasoma miongozo ya W3C. Anapima kwa sababu mteja akirudi kulalamika, hasara ni yake. Sisi tunaoandika programu hatupimi kwa sababu mteja akishindwa kusoma, hasara ni yake yeye.

Kosa langu mwenyewe

Hapa naomba radhi, maana nikiishia kwenye alama zangu nitaonekana mtakatifu.

Mwaka wa tatu, kwa ajili ya mradi, nilimtengenezea mama mmoja mfumo wa kutunza wadeni. Anauza vitenge na khanga kwa jumla, Kariakoo, na ni ndugu wa rafiki yangu wa chumbani. Wateja wake wanatoka Morogoro, Lindi, Mtwara. Wanachukua mzigo, wanalipa nusu, nusu inafuata. Miaka yote alikuwa anaandika kwenye daftari kubwa. Nikamwambia, “Mama, hili daftari tutalipumzisha.”

Mfumo wangu ulikuwa wa mtindo wa kisasa, mandharinyuma ya kijivu cheusi kama kihariri ninachokipenda. Aliyelipa jina lake linakuwa kijani, anayedaiwa linakuwa jekundu. Tarehe nikaziweka kijivu kidogo, ziwe na adabu. Siku ya uwasilishaji nilitumia kompyuta ya kuazima yenye kioo kipya, watu wakapiga makofi, na nikapewa alama nzuri. Hakuna mtu ukumbini aliyeniuliza umeujaribu wapi. Na mimi, niliyelia kwa ajili ya komenti za bluu, sikujiuliza.

Kioo cha dukani ni kile cha mraba, cha inchi 17, na kwa sababu nafasi ya kule ni ya kugombea, kimewekwa juu ya rafu, juu ya marobota. Anayekitumia anakitazama kutoka chini. Mnakumbuka nilichosema kuhusu TN kutoka chini. Nyekundu yangu na kijani changu, vyote viwili nilivyovichagua vikiwa vimekolea ili visiumize macho, viligeuka kuwa hudhurungi moja. Kijana wa dukani akatazama, akaona majina yote yamefanana, akaamini hakuna deni. Mteja mmoja mwenye deni la zamani akafungiwa robota lingine kwa mkopo.

Nilipoitwa, mama hakunifokea. Alinikaribisha soda, akasema, “Mwanangu, hii kompyuta yako inasema watu wote wamelipa.” Nikapanda kwenye kigoda nikasogeza uso kwenye kioo, na kutoka pale juu kijani kilikuwa kijani na nyekundu ilikuwa nyekundu. Nikashuka, vikawa kitu kimoja. Nikapanda tena, nikashuka tena. Deni lile lilikuja kulipwa baada ya miezi miwili, na miezi miwili kwa mfanyabiashara wa jumla ni mzigo mzima ambao haukuagizwa. Nilirekebisha mfumo siku ileile: mandharinyuma nyeupe, maandishi meusi, na mbele ya jina la mwenye deni neno “ANADAIWA” kwa herufi kubwa. Ukawa mbaya wa sura na unasomeka hata ukiwa mlangoni. Lakini mama alikuwa ameshalirudisha daftari mezani, na mpaka leo anaandika kotekote. Imani yake nilishaipunguza.

“Si ununue kioo kipya?”

Najua majibu yanayokuja, maana nimeshayasikia hosteli.

La kwanza ni kwamba rangi ni hiari ya mtu, kila mmoja apange za kwake. Kweli, kwenye mashine yako. Lakini ukimtumia mwenzako faili lenye maelekezo, au ukimwekea mtu mfumo dukani, umeshampangia. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefungua Vim kwa mara ya kwanza hajui hata jinsi ya kutoka, seuze kubadili rangi.

La pili ni kwamba mandhari nyeusi hutunza chaji na macho. Chaji inatunzwa kwenye vioo vya OLED, kama vya simu nyingi za sasa, kwa sababu pikseli nyeusi huzimika. Kwenye vioo vya LCD vya mashine zetu taa ya nyuma inawaka muda wote, skrini iwe nyeusi au nyeupe. Kuhusu macho, usiku chumbani nakubaliana nawe. Mchana, karibu na dirisha, kwenye kioo kilichofifia, jaribu nyeupe kwa siku mbili halafu uniambie.

La tatu ndilo linaloniudhi: “si ununue kioo kipya?” Anayesema hivyo anajua boom linavyogawanywa, kuna chakula, kuna kopi, kuna nauli, kuna nyumbani wanaosubiri kitu kidogo. Na hata sote tukinunua vipya, tutakaowaandikia programu wako Kariakoo, Mbagala, Tandahimba, na vioo vyao ni vilevile. Tukumbuke pia kwamba wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Kwao kioo kipya hakibadilishi kitu.

Jaribio la dakika tano

Jambo lililonishangaza ni kwamba vifaa vya kujaribia tunavyo tayari. Vim hiyohiyo ina faili la majaribio ya rangi ndani yake. Andika `:runtime syntax/colortest.vim` na utaona rangi zote zimepangwa, juu ya nyeusi na juu ya nyeupe, kila moja na jina lake. Usiloweza kulisoma hapo, usilitumie.

Ukiwa humo, andika pia `:help uganda`. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu. Baada ya hapo akaweka ndani ya programu ombi kwa watumiaji wa dunia nzima wawasaidie watoto wale. Alifariki Agosti 2023, na ombi bado linatokea ukifungua Vim bila faili. Miaka miwili nilikuwa naliona na kulipita, kama nilivyozipita zile komenti.

Basi utaratibu wangu ni huu. Kwanza, kwenye terminali andika `echo $TERM` kisha `tput colors`, ujue una rangi 8, 16 au 256 kabla hujaiga mpangilio wa mtu aliye na mamilioni. Pili, ndani ya Vim andika `:set background?` uone imebahatisha nini, kisha jaribu `dark` na `light`. Inayofaa iweke kwenye faili lako la `.vimrc`. Ukitumia VS Code, bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+T, mipangilio ya rangi itajitokeza, ikiwemo ile ya utofauti mkubwa. Tatu, punguza mwangaza wa kioo hadi nusu, sogea dirishani, inamisha kioo mbele na nyuma, kisha mwombe mtu aliyesimama nyuma yako asome komenti kwa sauti. Akikwama, wewe ndiye uliyekosea. Nne, ondoa rangi kabisa kwa `:syntax off`, au kwa mfumo wa dukani geuza skrini iwe kijivu. Windows 10 ina vichujio vya rangi kwenye mipangilio yake. Kama maana bado ipo bila rangi, kazi yako imepona. Kama maana imeondoka na rangi, ongeza neno au alama.

Kwa uongozi wa serikali yetu ya wanafunzi nina maombi mawili. La kwanza, wazungumze na idara ili kila mradi unaowasilishwa uwe na sentensi mbili zinazosema umejaribiwa kwenye kioo gani na nani alikuwa anatazama. Alama 2 tu kwenye mwongozo wa usahihishaji zinatosha kubadili tabia. La pili, nasikia maabara itabadilishiwa vioo. Nashukuru, tumesubiri sana. Ila naomba kimoja kati ya vile vya zamani kisitupwe. Kiachwe kwenye kona, kimeunganishwa, kiwe cha kila mtu kupitisha kazi yake kabla ya kuikabidhi. Mimi naomba kile cha safu ya tatu, upande wa ukutani. Ninakijua.

Mpaka hapo kitakapopatikana, Jumatano saa kumi jioni nitakuwa pale maabara na mashine yangu ya Aggrey. Njoo na yako, hata kama bawaba imelegea na imefungwa kwa gundi. Nitakusomea komenti zako nikiwa nimesimama, na wewe utanisomea zangu.